UCHAMBUZI: Nani atampa kijana wa Kibera idhini ya kujifunza udukuzi?

HUDUMA zaidi ya 5,000 za serikali zilikuwa zimehamishiwa kwenye jukwaa la eCitizen wakati kundi lililojiita Anonymous Sudan liliposhambulia mitambo yake mnamo Julai 27, 2023. Wananchi walitatizika kupata pasipoti na vibali, wasafiri wa garimoshi la SGR wakashindwa kununua tiketi, na waliotaka tokeni za umeme wakasalia gizani. Huduma za M-Pesa nazo ziliyumba. Bw Eliud Owalo, aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano wakati huo, alikiri kwamba shambulio lilitokea ingawa alisisitiza kuwa hakuna data iliyopotea.

Mbinu iliyotumika haikuwa ya ajabu. Wavamizi hao hawakuvunja kufuli wala kuiba nywila ya mtu. Walituma maombi mengi ya bandia kwa wakati mmoja, mfano wa umati unaojazana kwenye dirisha la karani hadi mwenye shida ya kweli asiweze kulifikia. Oktoba 2024, waendesha mashtaka wa Marekani walifichua majina ya ndugu wawili raia wa Sudan waliodaiwa kuwa nyuma ya kundi hilo. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 22 na mwenzake 27.

Huo ndio umri wa vijana wanaojaza madarasa ya usalama wa tarakilishi katika vyuo vikuu vya Kenya. Miaka 20 iliyopita aliyetaka kusomea fani hii hakuwa na budi kujiandikisha kwa shahada ya kawaida ya sayansi ya tarakilishi na kujitafutia mengine. Siku hizi Chuo Kikuu cha KCA kina shahada ya usalama wa habari na uchunguzi wa kidijitali, Kabarak na Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo vina shahada za aina hiyo hiyo, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati Agosti 2023, kiliifanya kuwa miongoni mwa kozi zake za mwanzo. Nje ya kumbi za mihadhara kuna makundi kama AfricaHackon, ambalo limekuwa likiwakutanisha wapenzi wa fani hii jijini Nairobi kwa zaidi ya mwongo mmoja, na SheHacks, lililoasisiwa 2016 ili kuwavuta wasichana katika kazi iliyodhaniwa kuwa ya wanaume.

Neno lenyewe, mdukuzi, halina sifa nzuri. Lina harufu ya mtu anayetega sikio mlangoni pa mwenzake. Lakini anachofundishwa mwanafunzi darasani ni kazi ya fundi wa kufuli anayeajiriwa na mwenye nyumba ajaribu milango yote usiku, kisha asubuhi amwandikie ripoti ya milango iliyofunguka. Tofauti kati yake na mwizi haiko katika ustadi, kwani vyombo ni vile vile na hatua ni zile zile. Iko katika karatasi moja tu: idhini ya mwenye nyumba.

Karatasi hiyo ndiyo inayowatenga vijana wa mitaa ya mabanda.

Kibera na Kawangware si mitaa iliyo mbali na kile ambacho wanasiasa walizoea kukiita kitovu cha teknolojia barani Afrika. Kituo cha iHub kilipofunguliwa 2010 katika jengo la Bishop Magua, kando ya barabara ya Ngong, mkazi wa Kibera angeweza kukifikia kwa miguu. Kutoka Gatina au kituo cha Congo pale Kawangware, ni hatua chache tu hadi kwenye nyua za Lavington ambako wakurugenzi wa kampuni hizo za teknolojia wanaishi. Wala si kweli kwamba teknolojia ilipita juu ya mabati ya mitaa hii bila kutua. Mwaka wa 2009, vijana wa Kibera walizunguka vichochoro vya Kianda, Gatwekera, Lindi na Silanga wakiwa na vifaa vya GPS na kuchora ramani ya mtaa ambao kwenye ramani rasmi ulikuwa mahali patupu. Taasisi ya Tunapanda, ambayo makao yake yako Kibera, iliunda mtandao wa kijamii usiotumia nyaya unaounganisha shule na vituo vya vijana. Kampuni ya Poa Internet nayo ilianza biashara yake katika mitaa hii ya watu wa kipato cha chini, ikiuza intaneti kwa bei ambayo kampuni kubwa zilidai haiwezekani.

Kwa hivyo intaneti ipo, na hamu ipo. Anayetaka kuanza anaweza kufuata bila malipo kozi ya udukuzi wa kimaadili ya Cisco, au mafunzo na mtihani wa ngazi ya chini ambao shirika la ISC2 lilianza kuutoa bure mwaka wa 2022. Swali ni anafika wapi na mafunzo hayo.

Kwanza ni chombo chenyewe. Somo hili halisomwi kwa simu. Mwanafunzi hufungua ndani ya tarakilishi yake tarakilishi nyingine mbili au tatu za kubuni, moja ya kushambulia na nyingine za kushambuliwa, ili makosa yake yasimdhuru yeyote. Kazi hiyo inadai kipakatalishi chenye kumbukumbu ya gigabaiti nane au 16. Mashine zilizochakaa ambazo wenye saiba huwakodishia wateja kwa dakika haziwezi kuubeba mzigo huo, na hata zingeweza, mwenye saiba hawezi kumruhusu mteja aweke programu anazotaka. Ongeza hapo umeme wa Kibera, ambao nyumba nyingi huupata kupitia nyaya za mabwanyenye wa mtaa na ambao hukatika bila taarifa, na kipakatalishi hicho kikiwa cha mtumba chenye betri iliyokufa, basi kazi ya saa tatu hupotea kwa sekunde.

Mwenye saiba ana sababu nyingine ya kuogopa, na ni ya haki. Wateja wake wote, wawe kumi au 20, huonekana mtandaoni kwa anwani moja. Kijana mmoja akijaribu kuchunguza tovuti ya benki kwa udadisi tu, rekodi za benki hiyo hazitaonyesha jina lake. Zitaonyesha anwani ya duka. Wapelelezi wakija, wataichukua mitambo ya duka, na riziki ya mwenyewe itaondoka nayo. Mwanafunzi wa chuo kikuu hufanya mazoezi hayo hayo katika maabara iliyotengwa na mtandao wa nje, chini ya mhadhiri na kwa muhuri wa chuo.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ilitiwa sahihi na Rais Uhuru Kenyatta Mei 2018. Muungano wa wanablogu ulikimbilia kortini, vifungu 26 vikasimamishwa, lakini Februari 2020 Jaji James Makau akaiidhinisha yote. Mjadala wa umma wakati huo, na tangu hapo, umetawaliwa na vifungu vya habari za uongo na uhuru wa kujieleza. Hilo ni jambo zito, ila limefanya vifungu vinavyomhusu mwanafunzi wa usalama visisomwe kwa makini.

Kifungu cha 14 kinamharamishia mtu yeyote kuingia katika mfumo wa tarakilishi kwa kukiuka ulinzi wake akijua hana ruhusa, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Hakisemi lolote kuhusu nia njema. Aliyeingia ili aibe na aliyeingia ili amwonye mwenye mfumo wanasimama katika kizimba kimoja. Kifungu cha 18 kinakwenda mbali zaidi. Kinamlenga anayetengeneza, kuuza, kuagiza au kusambaza programu zilizoundwa hasa kwa ajili ya kutenda makosa hayo, na faini yake inafika Sh20 milioni au kifungo cha miaka 10. Hata anayepatikana na programu hizo tu bila sababu ana adhabu yake.

Wabunge hawakuwa vipofu kabisa. Katika kifungu hicho hicho cha 18 waliacha mlango: si kosa ikiwa kitendo kimekusudiwa kwa mafunzo, majaribio au ulinzi wa mfumo wa tarakilishi, mradi tu kimeidhinishwa. Neno zima la kesi ni hilo la mwisho. Kuidhinishwa na nani? Kwa anayesoma Kabarak au KCA jibu si gumu. Kwa anayejifunza mwenyewe katika chumba cha futi 10 kwa 10 pale Laini Saba, akiwa na programu zile zile zilizopakuliwa kutoka tovuti zile zile, hakuna mwenye kumwandikia barua. Wakili hodari anaweza kumtetea na pengine akashinda. Lakini mawakili hodari hawapatikani Laini Saba, na mshukiwa hukaa seli kabla ya hoja za kisheria kusikizwa.

Kwamba hofu hii si ya kubuni ilionekana wazi Mei 2025, wakati Bi Rose Njeri, mtaalamu wa kuunda programu, alipokamatwa kwa kuunda ukurasa uliowawezesha raia kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Alizuiliwa wikendi nzima ya Madaraka, kisha akashtakiwa chini ya sheria hiyo hiyo kwa madai ya kuingilia mfumo wa tarakilishi bila ruhusa. Mahakama ya Milimani iliitupa kesi hiyo Juni 20, ikisema mashtaka hayakuonyesha kosa lolote. Bi Njeri hakuwa amedukua chochote. Ikiwa kurahisisha utumaji wa barua pepe kuliweza kumweka mtu ndani siku kadhaa, anayekutwa na programu za kuvunja nywila ana haki ya kujiuliza atakaa ndani kwa muda gani.

Marekebisho ya sheria hiyo yalitiwa sahihi na Rais William Ruto Oktoba 15, 2025, siku ambayo Raila Odinga alifariki. Kibera, ambayo alikuwa mbunge wake kwa zaidi ya miaka 20 ilipokuwa sehemu ya eneobunge la Lang'ata, ilikuwa katika matanga na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusoma vifungu. Mahakama Kuu ilisimamisha baadhi yake wiki moja baadaye. Marekebisho hayo yaliongeza, miongoni mwa mengine, kosa la kuteka laini ya simu ya mtu mwingine. Kuhusu anayegundua udhaifu na kuuripoti kwa nia njema, hayakuongeza kinga yoyote.

Nchi nyingine zimelitatua jambo hili bila kuwafungulia wezi mlango. Uholanzi ilitoa mwongozo wa kitaifa mwaka wa 2013 unaoeleza jinsi mtu anavyoweza kuripoti kasoro katika mifumo bila kuburutwa kortini, na serikali yake huwatumia wanaoripoti fulana yenye maneno ya mzaha kwamba wameidukua serikali na hawakupata chochote ila fulana hiyo mbovu. Mei 2022, Wizara ya Haki ya Marekani iliwaagiza waendesha mashtaka wasiwafungulie mashtaka wanaofanya utafiti wa usalama kwa nia njema. Ubelgiji ilienda mbali zaidi Februari 2023 kwa kuweka kinga ndani ya sheria yenyewe, kwa masharti makali: usizidishe kipimo cha lazima, usiwe na nia ya ulaghai, ripoti haraka, wala usitangaze bila ruhusa.

Wanaopinga mpango wa aina hiyo hapa nchini wana hoja yao. Wataalamu wa benki husema kwamba kinga ya nia njema itakuwa kichaka cha kila mwizi atakayenaswa. Atadai alikuwa akifanya utafiti. Hoja hii haipaswi kupuuzwa, kwani kesi za wizi wa mitandaoni zimekuwa ngumu kuthibitisha hata bila utetezi huo. Ila masharti ya Ubelgiji yanaijibu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mwizi haripoti kabla ya kukamatwa.

Kuna wakati takwimu hutumiwa kuwatisha watu badala ya kuwaelimisha. Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba vitisho vya mtandaoni vilivyonaswa kati ya Januari na Machi 2025 vilifika bilioni 2.5, kutoka milioni 840.9 katika miezi mitatu iliyotangulia. Msomaji anafaa kujua kwamba sehemu kubwa ya hesabu za aina hii ni mashine zinazobisha hodi kwenye milango kwa mfululizo, na mashine moja inaweza kubisha mara maelfu kwa saa. Hata hivyo, ukweli kwamba tovuti za wizara kadhaa zilivamiwa na kubandikwa ujumbe wa kibaguzi Novemba 2025, miaka 13 baada ya zaidi ya tovuti 100 za serikali kuvamiwa kwa siku moja Januari 2012, unaonyesha kwamba milango mingi bado haijajaribiwa na fundi yeyote.

Mafundi hao hawatoki vyuoni kwa wingi unaotosha, na njia ya kuwapata kutoka mitaa ya mabanda ni nyembamba. Katika mtihani wa KCSE wa 2024, watahiniwa 246,391 kati ya 962,512 ndio waliopata gredi ya C+ inayohitajika kujiunga na chuo kikuu. Anayetoka Kawangware na kuivuka kamba hiyo anakutana na mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, ambao hata familia iliyowekwa katika kundi la maskini zaidi hutakiwa kuchangia asilimia tano ya karo na mwanafunzi kubeba asilimia 25 kama mkopo. Mfumo huo ulibatilishwa na Mahakama Kuu Desemba 2024, kisha uamuzi huo ukasimamishwa katika Mahakama ya Rufaa, na wazazi wakabaki wakikisia.

Akihitimu, safari haijaisha. Waajiri wengi katika sekta hii huuliza vyeti vya kimataifa kabla ya kuuliza shahada. Mtihani wa OSCP, unaoheshimiwa kwa sababu mtahiniwa huvunja mifumo halisi kwa muda wa karibu saa 24, hugharimu zaidi ya dola 1,500, yaani karibu Sh200,000. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua jijini Nairobi kilichoanza kutumika Novemba 2024 ni Sh16,113 kwa mwezi. Mzazi mwenye kipato hicho angehitaji mwaka mzima bila kula ili kumlipia mwanawe mtihani mmoja, ambao wengi huuanguka mara ya kwanza.

Wanaoajiri bila kuuliza cheti wapo pia. Kampuni za kigeni zimewachukua vijana wa Kibera na mitaa mingine kwa kazi za kuchambua picha na maandishi, kazi ambazo jarida la Time lilifichua Januari 2023 kwamba baadhi zililipwa chini ya dola mbili kwa saa. Kisha kuna walaghai. Eneo la Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, limejulikana kwa miaka mingi kwa wizi wa laini za simu, na wanaofanya kazi hiyo kwa kawaida si wadukuzi; ni mafundi wa maneno wanaompigia mwathiriwa na kumlaghai ataje nambari zake za siri. Lakini walaghai wa maneno hukwama pale benki inapoweka ulinzi wa kiufundi, na hapo humtafuta kijana anayeijua tarakilishi. Hawamwombi cheti cha OSCP wala barua ya chuo.

Baadhi ya hatua za kuzuia hilo hazihitaji sheria mpya. Taasisi ya Kiufundi ya P.C. Kinyanjui iko Riruta, jirani na Kawangware. Maabara moja iliyotengwa pale, iliyo wazi jioni kwa wasio wanafunzi wa kudumu na yenye daftari la kujisajili, ingewapa vijana hao idhini ambayo kifungu cha 18 kinadai. Kitengo cha kitaifa cha kukabiliana na majanga ya mtandaoni, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, tayari hupokea ripoti za mashambulio kutoka kwa umma. Kinaweza kutangaza kwa maandishi ni mifumo gani ya serikali inayoruhusiwa kuchunguzwa, kwa kiwango gani, na kwamba anayefuata masharti hatashtakiwa kwa malalamishi ya serikali. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma naye ana mamlaka ya kutoa mwongozo kama ule wa Marekani bila kusubiri bunge.

Kifungu cha 14 ndicho hakiwezi kurekebishwa kwa mwongozo pekee, kwani mlalamishi anaweza kuwa kampuni ya kibinafsi, na hapo ni wabunge watakaotakiwa kuandika neno nia kwa maana pana kuliko waliyoiweka 2018. Sheria hiyo imerekebishwa mara moja tangu ilipopitishwa, na fursa hiyo ilipita bila neno hilo kutajwa.